Willis Carrier

Willis Haviland Carrier (26 Novemba 1876 – 7 Oktoba 1950) alikuwa mhandisi mitambo na mvumbuzi kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni mwaka wa 1902 mtambo unaohesabiwa kuwa kiyoyozi cha kwanza cha kisasa, yaani mtambo unaotawala kwa pamoja joto, unyevu, usafi na mwendo wa hewa ndani ya jengo. Mwaka wa 1915 yeye na wenzake sita walianzisha kampuni inayobeba jina lake hadi leo.

Kazi yake ilianzia viwandani, ikaingia madukani na kwenye majumba ya sinema, kisha katika majengo marefu ya ofisi. Kanuni alizoziandika bado hutumiwa na mafundi na wahandisi wanaosimamia mitambo ya hospitali, hoteli, benki na viwanja vya ndege.

Maisha ya awali

Carrier alizaliwa Angola, mji mdogo karibu na Ziwa Erie katika jimbo la New York (usichanganywe na nchi ya Angola barani Afrika). Alikuwa mtoto pekee wa Duane Carrier na Elizabeth Haviland. Familia iliishi kwa kilimo, na kijana Willis alikua akifanya kazi za shambani kabla na baada ya masomo.

Mama yake alikuwa na kipaji cha vitu vya mashine. Alizoea kutengeneza saa na vifaa vya nyumbani. Inasimuliwa kwamba mtoto alipokwama kwenye hesabu za sehemu, mama alimtuma kuchukua matofaa, akayakata nusu, robo na thumni, kisha akamwagiza ajumlishe na kutoa vipande vile. Baadaye Carrier alilihesabu somo hilo kuwa mojawapo ya mambo makubwa ya maisha yake, kwa kuwa lilimfundisha kuligawa tatizo kubwa katika vipande vidogo vinavyoshikika. Mama huyo alifariki wakati mwanawe alipokuwa na umri wa miaka 11.

Elimu

Alipomaliza shule ya mji wake hakuweza kuendelea mara moja. Mwaka wa 1893 Marekani iliingia katika msukosuko mkubwa wa uchumi na fedha za wakulima zilikuwa haba. Carrier alifundisha shule kwa muda huku akiendelea kusaidia shambani. Hatimaye alikwenda Buffalo kusoma masomo ya sekondari aliyoyahitaji, akapata nafasi ya ufadhili katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka wa 1897.

Ufadhili haukutosha kwa chakula na malazi. Alikata majani, alihudumia majiko ya kupashia nyumba joto, na pamoja na mwenzake alianzisha huduma ya kufulia nguo za wanafunzi. Alihitimu uhandisi mitambo mwaka wa 1901.

Kazi ya kwanza: Buffalo Forge

Julai 1901 aliajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge kwa mshahara wa dola 10 kwa juma. Kampuni hiyo ilitengeneza feni kubwa, majiko na mitambo ya kupasha hewa joto. Carrier alipewa kazi ya kubuni mitambo ya kukaushia mbao na kahawa.

Mara aligundua kwamba wahandisi wa wakati huo walifanya kazi kwa makisio. Hakuna aliyejua kwa hakika mabomba ya mvuke ya urefu fulani yatapasha joto hewa kiasi gani feni ikiwa na mwendo fulani. Kwa sababu hiyo kila mtambo ulijengwa mkubwa kupita mahitaji ili kuepuka lawama, na gharama ilipanda bure. Carrier alianza kupima na kupanga matokeo yake katika majedwali. Inaelezwa kwamba vipimo hivyo viliiokolea kampuni dola 40,000 katika msimu mmoja. Wakubwa wake walikubali kuanzisha idara ya majaribio na kumkabidhi aiongoze, ingawa hakuwa amekaa kazini hata mwaka mzima.

Tatizo la karatasi mjini Brooklyn

Mwaka wa 1902 ofisi ya Buffalo Forge jijini New York, iliyoongozwa na J. Irvine Lyle, iliombwa msaada kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Sackett & Wilhelms huko Brooklyn. Kiwanda kilichapa picha za rangi, na kila rangi ilichapwa peke yake: karatasi ilipita mashineni mara kadhaa, pengine siku tofauti. Majira ya joto hewa ya Brooklyn hujaa unyevu. Karatasi ilinyonya unyevu huo ikatanuka, na hewa ilipokauka ilisinyaa. Tofauti ilikuwa ndogo sana, lakini ilitosha kuifanya rangi ya pili isiangukie juu ya ile ya kwanza. Kazi iliharibika, karatasi ilitupwa, na wateja walicheleweshewa machapisho yao.

Watu walikuwa wamejaribu tangu zamani kupoza vyumba kwa barafu na feni. Jambo jipya katika ombi hili ni kwamba mteja hakutafuta ubaridi kwanza, bali unyevu usiobadilika. Carrier alijaribu kwanza kukausha hewa kwa kuipitisha kwenye kitambaa cha gunia kilicholoweshwa maji ya chumvi. Hewa ilikauka, lakini ilipata joto na kubeba chumvi, jambo lisilofaa karibu na mashine.

Ndipo alipoigeukia njia nyingine. Hewa inayogusa kitu baridi huacha maji juu yake, kama tunavyoona matone nje ya gilasi ya maji ya barafu. Akaona kwamba bomba linaloweza kupasha hewa joto kwa mvuke linaweza pia kuipoza na kuikausha likipitishwa maji baridi. Kwa kutumia majedwali ya idara ya hali ya hewa ya Marekani alikokotoa ubaridi wa bomba na mwendo wa hewa uliohitajika. Michoro yake ina tarehe ya 17 Julai 1902, na siku hiyo huchukuliwa na wengi kuwa siku ya kuzaliwa kwa kiyoyozi cha kisasa.

Mtambo uliojengwa ulikuwa na feni, mifereji ya hewa, mabomba yenye matundu ya kutoa mvuke wakati wa baridi kali, na seti mbili za mabomba ya kupoza. Seti ya kwanza ilipitisha maji ya kisima; ya pili iliunganishwa na mashine ya barafu iliyotumia amonia. Lengo lilikuwa unyevu wa asilimia 55 mwaka mzima, na joto la takriban nyuzi 21 za Selsiasi majira ya baridi na 27 majira ya kiangazi. Uwezo wake wa kupoza ulilingana na kuyeyusha takriban tani 49 za barafu kwa siku.

Fundisho la ukungu

Baadaye mwaka huo, jioni moja ya baridi, Carrier alikuwa akisubiri treni katika kituo cha Pittsburgh. Ukungu mzito ulifunika jukwaa. Akiutazama aliwaza kwamba hewa ile imejaa maji kabisa, lakini kwa kuwa ni ya baridi, kiasi cha maji yaliyomo ni kidogo. Ikiwa mtu anaweza kutengeneza ukungu wa halijoto anayoitaka, basi anaweza kuamua hewa ibebe maji kiasi gani. Kisha akiipasha joto kidogo atapata hewa yenye ukavu autakao.

Kutokana na wazo hilo alibuni mashine iliyopitisha hewa katikati ya manyunyu ya maji baridi. Kwa mtu wa kawaida linaonekana jambo la ajabu kukausha hewa kwa kuinyunyizia maji. Hata hivyo maji yakiwa baridi kuliko halijoto ya umande, yaani halijoto ambayo mvuke wa hewani huanza kugeuka matone, mvuke huo huungana na manyunyu na kuanguka pamoja nayo. Zaidi ya hayo manyunyu huosha vumbi. Carrier aliomba hataza mwaka wa 1904, akaipata tarehe 2 Januari 1906.

Viwanda vya nguo vilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo, kwa sababu uzi wa pamba hukatika hewa ikiwa kavu mno. Mwaka wa 1906 mtambo ulifungwa katika kiwanda cha pamba cha Chronicle huko Belmont, North Carolina. Hapo Carrier alijifunza kwamba haitoshi kujua hali ya hewa ya nje: maelfu ya pia za kusokotea uzi hutoa joto lao wenyewe. Tangu wakati huo alihesabu joto la kila chanzo, yaani jua, kuta, taa, mashine na miili ya watu, kabla ya kuchagua ukubwa wa mtambo. Mwaka wa 1907 mtambo wake uliuzwa nje ya Marekani kwa mara ya kwanza, kwa kiwanda cha hariri huko Yokohama, Japani.

Kanuni za mwaka 1911

Desemba 1911 Carrier aliwasilisha mbele ya Chama cha Wahandisi Mitambo cha Marekani andiko lililoeleza kwa hesabu uhusiano kati ya joto la hewa, unyevu wake na halijoto ya umande. Pamoja nalo alitoa mchoro. Mhandisi mwenye pimajoto mbili, moja kavu na moja iliyofungwa kitambaa kibichi, anaweza kusoma kwenye mchoro huo hali yote ya hewa ya chumba, na kuona nini kitatokea akiipoza, akiipasha joto au akiiongezea maji.

Andiko hilo lilitafsiriwa katika lugha nyingi na kuwa msingi wa fani nzima. Faida yake kwa msimamizi wa jengo ni kubwa. Watu wakilalamika kwamba chumba kinawachosha ingawa pimajoto inaonyesha baridi, mchoro humwonyesha kama kosa liko kwenye unyevu. Fundi hahitaji tena kuongeza ubaridi ovyo na kupoteza nishati. Anatafuta mahali palipoharibika.

Wahandisi saba na akiba zao

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka wa 1914, Buffalo Forge iliamua kupunguza shughuli zake na kubaki na utengenezaji wa vifaa tu. Kampuni ndogo ya viyoyozi iliyokuwa chini yake ingefungwa. Carrier na Lyle walihakikishiwa kazi zao, lakini baadhi ya wenzao wangeachishwa.

Wahandisi saba walikubaliana kujitegemea. Walikusanya dola 32,600, nyingi zikiwa akiba zao wenyewe, na tarehe 26 Juni 1915 wakaanzisha Carrier Engineering Corporation, Carrier akiwa rais na Lyle mwendeshaji wa biashara. Hawakuwa na kiwanda. Waliuza ujuzi: walichora, walinunua vifaa kwa wengine, walisimamia ufungaji, kisha waliuthibitishia mteja unyevu na joto vilivyoandikwa katika mkataba. Kama vipimo havikufikiwa, hasara ilikuwa yao.

Carrier aliwahi kuonja hatari ya namna hiyo tangu akiwa Buffalo Forge. Alitumwa Crystal City, Missouri, kufunga mtambo wa kusafisha gesi katika kiwanda cha vioo. Mtambo ulifanya kazi, lakini haukufikia ubora uliodhaminiwa. Kwa siku kadhaa hakupata usingizi. Kisha alijiuliza ni baya gani kubwa linaloweza kutokea: kampuni kupoteza dola 20,000 na yeye pengine kupoteza kazi. Akalikubali moyoni, akatulia, akaanza kupima upya. Aliona kwamba kwa kuongeza vifaa vya dola 5,000 mtambo ungetimiza ahadi, na ndivyo ilivyokuwa. Mwandishi Dale Carnegie alikieleza kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu kushinda wasiwasi, na kwa njia hiyo jina la Carrier likafika hata kwa watu wasiojua uhandisi.

Mashine salama kwa majengo ya watu

Hadi miaka ya 1920 viyoyozi vilikuwa zaidi mali ya viwanda. Mashine za kupoza zilikuwa kubwa mno, na nyingi zilitumia amonia, gesi yenye sumu inayoumiza macho na mapafu. Bomba likivuja kiwandani wafanyakazi wachache hukimbia. Likivuja chini ya ukumbi wenye watu elfu mbili, ni maafa.

Carrier alibuni mashine ya namna nyingine. Badala ya pistoni zinazokwenda mbele na nyuma, alitumia gurudumu lenye mapanga linalozunguka kwa kasi na kukandamiza mvuke kwa nguvu ya mzunguko. Badala ya amonia alitumia dieleni, kimiminika kisicho na hatari kubwa kama hiyo. Mashine hiyo ilionyeshwa kwa wahandisi huko Newark, New Jersey, Mei 1922. Ilichukua nafasi ndogo, haikutikisa jengo, na ilikuwa na sehemu chache za kulika, hivyo ilikuwa rahisi kuitunza.

Mwaka wa 1924 mashine tatu za aina hiyo zilifungwa katika duka kubwa la J. L. Hudson jijini Detroit. Ghorofa yake ya chini ya ardhi ilijaa watu siku za bei nafuu, hata wateja wakazirai kwa joto. Baada ya mitambo kufungwa, watu waliendelea kuja wakati wa joto kali, na duka likaeneza kiyoyozi kwenye ghorofa nyingine.

Jaribio kubwa zaidi lilikuwa ukumbi wa sinema wa Rivoli jijini New York mwaka wa 1925. Majumba ya sinema yalikuwa yakipoteza watazamaji kila kiangazi kwa sababu ya joto. Kwanza ilibidi wakuu wa usalama wa jiji waridhike na dieleni. Carrier aliimimina kidogo chomboni na kuiwasha kiberiti mbele ya mkaguzi mkuu, nayo ikaungua polepole bila mlipuko. Siku ya ufunguzi mwishoni mwa Mei, mitambo ilichelewa kuwashwa. Watu waliingia wakijipepea, na Carrier alisimama nyuma akihesabu dakika, kwani miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo Adolph Zukor, mkuu wa kampuni ya filamu ya Paramount. Pole pole hewa baridi ilishuka kutoka darini, na vipepeo vikawekwa magotini, kimoja baada ya kingine. Zukor aliridhika. Katika miaka iliyofuata mamia ya majumba ya sinema yalifunga mitambo hiyo.

Majengo ya ofisi

Kiyoyozi kilifungwa katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka wa 1928 na katika Seneti mwaka wa 1929. Mwaka huohuo wa 1928 lilifunguliwa jengo la Milam huko San Antonio, Texas, lenye ghorofa 21. Linatambuliwa kuwa jengo refu la ofisi la kwanza Marekani kujengwa likiwa na kiyoyozi kote tangu mwanzo. Mtambo wa kupoza ulitoa maji baridi kwa feni zilizohudumia ghorofa zote, ili ofisi zisizidi nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 55.

Majengo marefu yalileta tatizo jingine. Mifereji mipana ya hewa ilikula nafasi ambayo mwenye jengo angeweza kuipangisha. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Carrier alitoa mfumo uliopeleka hewa kwa kasi kupitia mabomba membamba hadi kwenye vifaa vilivyowekwa chini ya madirisha, ambako maji baridi au ya moto yalimaliza kazi. Kila chumba kiliweza kurekebishwa peke yake.

Mabadiliko haya yaligeuza pia kazi ya mafundi wa majengo. Zamani mhandisi wa jengo alishughulika hasa na boila, mabomba ya maji na lifti. Sasa aliongezewa mashine za kupoza, pampu, feni, vichujio na vyombo vya kupimia, ambavyo havina budi kukaguliwa na kusafishwa kwa ratiba. Kichujio kilichoziba hupunguza hewa. Bomba lenye uchafu halipozi vizuri na huongeza gharama ya umeme. Maji yasiyotunzwa huota viini vya maradhi.

Miaka ya mwisho

Mdororo Mkuu wa uchumi uliitikisa kampuni. Mwaka wa 1930 iliungana na kampuni nyingine mbili na kuwa Carrier Corporation, na mwaka wa 1937 shughuli zake zilikusanywa mjini Syracuse, New York. Katika miaka hiyohiyo mitambo yake ilifungwa katika mgodi wa dhahabu wa Robinson Deep karibu na Johannesburg, Afrika Kusini, ambako joto la kina kirefu cha ardhi lilihatarisha maisha ya wachimbaji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Carrier alishiriki kubuni mtambo wa kupoza handaki la upepo huko Cleveland, lililotumiwa kujaribu injini za ndege katika baridi ya anga za juu. Mwenyewe aliihesabu kazi hiyo kuwa kubwa kuliko zote alizofanya.

Alioa mara tatu, baada ya kufiwa na wake zake wawili wa kwanza, na alilea wana wawili wa kuasili. Alifariki jijini New York tarehe 7 Oktoba 1950 akiwa na umri wa miaka 73, akazikwa Buffalo. Mwaka wa 1985 aliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani.

Urithi

Kiyoyozi kimewezesha vyumba vya upasuaji, maghala ya dawa na vyumba vya kompyuta kufanya kazi hata katika nchi za joto. Kimebadilisha pia ujenzi wenyewe. Majengo yenye kuta za vioo na madirisha yasiyofunguka yalienea, na majengo hayo hayakaliki mitambo ikizimika. Njia za kale za kupata upepo, kama dari ndefu, kuta nene na baraza za nyumba za pwani ya Afrika Mashariki, zilisahauliwa mahali pengi.

Gesi nyingi zilizotumiwa na mashine za kupoza baada ya wakati wa dieleni ziligunduliwa kuwa zinaharibu tabaka la ozoni, zikawekewa mipaka na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Nyingine zilizochukua nafasi yake huongeza joto la dunia. Mpango wa kuzipunguza ulikubaliwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016. Kwa hiyo mafundi wa leo wanatakiwa kuzuia uvujaji wa gesi na upotevu wa umeme, pamoja na kutimiza vipimo vya joto na unyevu ambavyo Carrier aliviandika katika mikataba yake ya kwanza.